Kabla Hujalipa, Omba Bisibisi

 

Mwezi uliopita dada yangu alinipigia simu. Hatukufika hata kwenye habari za watoto. "Kaka, mpwa wako kaniletea hesabu huku. Anataka kompyuta ya gemu, halafu anasema ni ya kuchorea. Sasa mimi nielewe lipi? Ni ya kazi au ya mchezo?" Kijana mwenyewe alikuwa pembeni yake, nikamsikia kwa mbali: "Mama, mwambie mjomba ni ya vyote viwili."

Nami nikamjibu dada kwamba mwanao hakudanganyi. Kompyuta inayoendesha gemu vizuri na kompyuta inayochora vizuri ni ndugu wa karibu. Sio pacha, ila ni ndugu, na pale wanapotofautiana ndipo fedha za watu zinapopotelea. Mimi kazi yangu ni kuchora picha za vitabu vya watoto, na kwa miaka kadhaa sasa nachora kwenye kompyuta ya mezani. Kijana huyu alianza kuchora kwa sababu ya gemu. Alikuwa akitoka kucheza kwenye kibanda cha gemu, anarudi nyumbani na kumchora mchezaji aliyemfungia bao, jezi, viatu, mpaka kivuli cha mguu kwenye nyasi. Leo amemaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo, na watu wa mtaani wanamlipa awachoree nembo za biashara zao. Anachorea simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Kwa hiyo nilipokata simu nilikuwa nimeshaahidi: Jumamosi nitakwenda naye Kariakoo.

Sasa, msikilizaji, ukiingia kwenye maduka yanayouza kompyuta za mtumba utakuta masanduku yamepangwa mpaka karibu na dari kama matofali. Mengi ni meusi, na yametoka kwenye maofisi ya Ulaya na Marekani, mengine yamepitia Dubai kabla ya kufika kwetu. Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Mtaani sanduku zima tunaliita CPU, ingawa CPU hasa ni prosesa, kile kipande kidogo kama biskuti kilichofungwa ndani chini ya feni. Muuzaji alitupokea vizuri. Akagonga sanduku moja kwa kiganja, sanduku jembamba zuri, akasema, "Bosi, hii hapa i7, RAM kumi na sita, inachezesha gemu yoyote." Mpwa wangu macho yakamng'aa.

Nikamwomba muuzaji bisibisi.

Nilimwomba kwa adabu, na yule bwana hakukataa, akaniletea. Hilo lenyewe ni jambo la kuliangalia. Duka linalokukataza kufungua kompyuta ya mtumba kabla hujalipa, toka uende la jirani, wala usigombane na mtu. Ulichokwenda kununua kiko ndani, na kibandiko cha nje hakikuambii hata nusu yake.

Tuanze na hiyo i7. Watu wengi wanaamini i7 ni kubwa kuliko i5, na i5 ni kubwa kuliko i3, basi. Hiyo ni kweli kwa prosesa za mwaka mmoja. Zikiwa za miaka tofauti, hesabu inageuka. Angalia namba inayofuata baada ya kistari. Sanduku lile lilikuwa na i7-2600. Ile 2 ya mwanzo inakwambia ni kizazi cha pili, prosesa iliyotoka mwaka 2011. Pembeni yake kulikuwa na sanduku lenye i3-8100, kizazi cha nane, ya mwaka 2017. Zote mbili zina viini vinne, na hiyo i3 ndiyo yenye kasi zaidi. Ukipanda kwenye i5-8500 ya kizazi hicho hicho cha nane unapata viini sita. Kwa hiyo mtu analipia jina la i7 na kubeba mashine ambayo ofisi ya Ujerumani au Uingereza iliona imechoka miaka mingi iliyopita.

Na kizazi cha nane kina sababu nyingine. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa masharti yao, inakubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, pamoja na kile kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Ndiyo maana mashine za kizazi cha sita na cha saba zimejaa sokoni kwa bei ya kuvutia: maofisi ya nje yanazitupa. Utaambiwa fundi anaweza kuilazimisha Windows 11 iingie humo. Anaweza. Lakini kuna gemu zinazokagua mambo hayo zenyewe. Valorant, kwa mfano, ukiwa kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 iwe imewashwa, la sivyo haifunguki.

Kwa mchoraji peke yake, mashine ya kizazi cha saba haijafa. Ukiwekea Linux, Krita na Blender zinafanya kazi vizuri sana, bure, bila kuiba programu ya mtu. Ila kijana anayetaka kucheza na wenzake Valorant au Fortnite, Linux itamfungia mlango, kwa sababu walinzi wa kuzuia udanganyifu kwenye gemu hizo hawaikubali. Ndiyo maana nilimwambia mpwa wangu: wewe unayetaka vyote viwili, usishuke chini ya kizazi cha nane. Tafuta OptiPlex 7060, EliteDesk 800 G4, ThinkCentre M920, ndugu hawa wote ni wa mwaka 2018.

Sasa tufike mahali panaponigusa. Mwaka 2019 nilinunua sanduku jembamba kama lile alilogonga muuzaji. Siitaji aina yake wala duka. Lilikuwa safi, halina kelele, limekaa vizuri mezani. Nikachora nalo miezi minne kwa furaha. Kisha nikapata kazi iliyohitaji picha za pande zote, zile za kuzungusha, nikaenda kununua kadi ya grafiki. Nikarudi nayo nyumbani usiku, nikafungua sanduku, nikaishusha kadi kwenye mfereji wake. Ikaingia vizuri kabisa. Nikachukua mfuniko kuufunga, ukagota. Kadi ilikuwa imesimama juu ya ukingo wa sanduku kama vidole vitatu. Nikasema haidhuru, nitaacha wazi. Nikaiwasha hivyo hivyo, nikafanya nayo kazi siku kumi na tisa. Siku ya ishirini, saa nane usiku, nikasikia mlio mdogo kama wa kijiti kinachovunjika, kioo kikazimika, na chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua. Pawasaplai ilikuwa imekufa, na imeondoka na madabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Vitabu vya watoto vilichelewa kutoka kwa wiki tano kwa sababu yangu, na mwandishi wavyo alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akinipigia kila Jumatatu kwa upole mpaka naona haya kupokea.

Nikiwaambia watu habari hii wanasema ni bahati mbaya. Hapana. Ukifungua mashine na kumulika kwa tochi ya simu, kwenye pawasaplai, lile boksi la bati linalopokea waya wa umeme, kuna karatasi imebandikwa. Inakwambia wati. Kwenye masanduku haya ya ofisi utakuta kati ya 180 na 260. Sasa piga hesabu. Prosesa kama i5-8500 inahesabiwa wati 65. Kadi ya grafiki isiyo na waya wake wa umeme inanyonya kutoka kwenye mfereji wa madabodi, na mfereji ule mwisho wake ni wati 75. Hapo umeshafika 140, hujahesabu diski, feni, na vitu vya USB ulivyochomeka. Inawezekana, ila hakuna nafasi ya kukosea. Ukitaka kadi kubwa, tuseme RTX 4060 ya wati 115 inayodai waya wake mwenyewe, sanduku hilo halina waya huo wala nguvu hizo.

Utaniuliza, si nitabadilisha pawasaplai? Kwenye kompyuta ya kuunganisha mwenyewe, ndiyo, unakwenda dukani unanunua nyingine. Kwenye mashine nyingi za ofisi za Dell na HP, plagi inayoingia kwenye madabodi si ile ya kawaida yenye pini 24, na umbo la boksi lenyewe ni la kwao. Ukishanunua umeoa. RAM utaongeza, diski utabadilisha, kadi utauza na kununua nyingine. Ukubwa wa sanduku, madabodi na pawasaplai utabaki navyo. Kwa hiyo fedha yako ya kwanza iangalie hivyo vitatu, hata kama maana yake ni kuanza na RAM ndogo au bila kadi kabisa kwa miezi mitatu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na vijana wengi, na ninaomba wanisikilize. Wananunua sanduku jembamba kwa sababu lina RAM nyingi leo. Mimi naona ni bora mnara mpana wenye RAM ya GB 8 na nafasi mbili tupu, kuliko jembamba lenye 16 lililojaa. Na kuna masanduku ya mtumba ambayo watu wanayapita kwa sababu ni mazito na hayapendezi: yale waliyokuwa wakiyatumia wahandisi na wachora ramani za majengo. HP Z240 ya mnara, kwa mfano, ilitoka kiwandani na pawasaplai ya wati 400. Ile ni ya kizazi cha sita na cha saba, kwa hiyo suala la Windows 11 linabaki, lakini ndugu zake wa miaka ya mbele, HP Z2 G4 na Dell Precision 3630, ni wa kizazi cha nane. Mara nyingine utazikuta na kadi ya Quadro P2000 ndani yake. Jina hilo vijana hawalijui kwa sababu halitangazwi kwenye gemu, lakini ina GB 5 za kumbukumbu, inatumia wati 75, na inachezesha gemu za mpira vizuri tu.

Kwa aliyeshika sanduku jembamba tayari, usilitupe. Zipo kadi fupi zilizotengenezwa kwa kimo hicho. GTX 1650 fupi, ya mwaka 2019, GB 4. Na tangu 2024 ipo RTX 3050 ya GB 6 inayotumia wati 70 tu. Hakikisha mambo mawili: kadi isiwe na tundu la waya wa ziada, na kibati chake cha kufungia nyuma kiwe kifupi. Kibati kirefu kikiwa kimefungwa, kadi fupi haiingii pia. Muulize muuzaji akupe kile kifupi, mara nyingi kinakuja kwenye boksi na kusahaulika.

Kuhusu kadi za bei ya kutupa, tahadhari. Zimezunguka sana kadi za zamani zilizoandikwa upya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows inaamini inachoambiwa. Ipo programu ya bure inaitwa GPU-Z, iweke kwenye flashi yako, ifungue pale pale dukani. Kadi ya uongo, mara nyingi itakuandikia wazi mbele ya jina kwamba ni feki. Na kwa diski, chukua CrystalDiskInfo, itakwambia diski imewashwa kwa saa ngapi na afya yake ikoje. Programu zote mbili ni ndogo, zinakaa kwenye flashi yoyote.

Tuje kwenye kuchora, msikilizaji, maana hapa ndipo washauri wengi wa gemu wanapokosea. Wanadhani anayechora anahitaji kadi kubwa. Kwa picha bapa, ile ya kupaka rangi kama kwenye karatasi, kadi haina kazi kubwa. Kinachobeba mzigo ni RAM. Chukua ukurasa wa A3, kwa ubora wa kuchapa, nukta 300 kwa inchi. Upana nukta 4,961, kimo 3,508. Zidisha, unapata zaidi ya nukta milioni 17. Kila nukta inakula baiti nne. Kwa hiyo tabaka moja lililojaa rangi, au leya kama wanavyosema vijana, ni karibu MB 70. Mpwa wangu anachora kwa leya thelathini: anga leya yake, ngozi yake, vivuli vyake. Hiyo ni GB 2 na ushee, bado programu haijaweka kumbukumbu ya hatua zote unazoweza kurudi nyuma. Windows yenyewe na kivinjari chenye picha za kuangalizia wameshachukua sehemu yao. GB 8 zinaisha.

Na zikiisha, hutaona ujumbe wa kosa. Utaona mstari unachelewa. Unavuta kalamu, mkono umeshafika mwisho wa shavu, wino uko bado kwenye sikio, unaburuzwa nyuma kama mtoto aliyeshikwa mkono sokoni. Mchoraji asiyejua anadhani mkono wake ndio mbovu. Nimemwona binti mwenye kipaji kikubwa akiacha kuchora miezi miwili akiamini amepoteza mkono, kumbe ilikuwa RAM. Kwenye Krita, chini kabisa ya dirisha, kuna namba inayoonyesha picha yako inakula kumbukumbu kiasi gani. Iangalie. Kwa mchoraji mimi nasema GB 16, na ziwe vipande viwili vya nane badala ya kimoja cha kumi na sita, kwa sababu viwili hufanya kazi sambamba.

Kadi inarudi kuwa muhimu ukiingia kwenye picha za pande zote kwa Blender. Hapo kadi ya Nvidia yenye kumbukumbu ya kutosha inakupunguzia saa za kusubiri. Na tusiidharau Blender kwa sababu ni ya bure. Filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia, yule paka kwenye mafuriko, ilitengenezwa kwa Blender, na Machi 2025 ikachukua Oscar ya filamu bora ya katuni, mbele ya studio zenye fedha za kujaza meli. Hapa kwetu tuna historia yetu ya namna hiyo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao za ujenzi vya mraba. Miaka minne baadaye alikuwa amefariki, na mtindo wake unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walikuwa wakiangalia katuni za Tinga Tinga Tales kwenye televisheni, zilizochorwa kwa kompyuta Nairobi na vijana wa Kenya.

Lakini rangi ya Tingatinga ilipakwa kwenye ubao, kila mtu anayeuangalia anaona rangi ile ile. Kwenye kompyuta unapaka kwenye kioo, na kioo kinaweza kukudanganya. Ukinunua sanduku zuri ukalifunga kwenye monita ya bure uliyopewa na ofisi ya jirani, umejenga nyumba ukasahau dirisha. Muulize muuzaji kama kioo ni IPS. Kama hajui, fungua picha ya uso wa mtu, halafu chuchumaa uiangalie kutoka chini. Uso ukigeuka mweusi au ukawa kama negativu ya picha za zamani, hicho ni kioo cha TN. Kinafaa kuandikia barua. Kwa anayecheza mpira peke yake, kioo cha kasi kina faida. Kwa anayechora na kucheza, mimi nachagua IPS ya kawaida ya herzi 60 au 75 kuliko TN ya 144, na sitayumba kwenye hilo.

Kibao cha kuchorea nacho kisikutishe. Wacom ni kampuni ya Kijapani iliyoanza mwaka 1983 na ndiyo wakongwe. Huion na XP-Pen wa China wamefanya bei ishuke. Anza na kile cha mezani kisicho na kioo. Wiki ya kwanza utaona ajabu mkono uko chini na macho yako mbele. Wiki ya tatu hutakumbuka.

Gemu, kwa upande wake, zinataka nafasi. EA Sports FC 25 inaomba GB 100 kwenye diski, RAM ya GB 8 kwa uchache, na kadi isiyopungua GTX 1050 Ti. Masanduku mengi ya mtumba yanakuja na SSD ya GB 256. Weka Windows, weka mpira, umebaki na kona. Chukua SSD ya 512 kwa kuanzia, na diski ya zamani ya kuzunguka iwe stoo ya picha zilizokamilika. Na kuhusu kupakua GB 100 kwa bando la simu, wazazi mnisamehe, msimlipie. Steam inaruhusu gemu aliyoinunua mtu kunakiliwa kutoka diski ya rafiki yake na kuwekwa kwenye mashine ya pili, ikaguliwe tu kwenye intaneti na kumaliziwa.

Wenye uwezo wa kununua mpya kabisa, HP Victus, Lenovo Legion, Alienware na wenzao, kwenu maneno ni machache: soma RAM ni kipande kimoja au viwili, soma wati za pawasaplai, na pata garantii inayotumika hapa nchini, maana garantii ya Dubai utaifuata Dubai. Na yale masanduku yenye taa za rangi zinazozunguka, yaliyounganishwa na mafundi wetu hapa mjini, mengine ni kazi nzuri sana. Uliza jina la pawasaplai. Fundi mzuri atakutajia kabla hujamaliza swali.

Umeme. Nyuma ya pawasaplai za zamani zilizotoka Marekani kuna swichi nyekundu ndogo imeandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Kwetu ni 230. Ikiwa kwenye 115 ukachomeka, hutapata nafasi ya pili. Kisha nunua UPS, hata ile ya VA 650, ambayo inabeba wati kama 360 hivi. Umeme ukikatika haikuweki uendelee kucheza, inakupa dakika za kuhifadhi picha na kuzima kistaarabu. Kuhusu LUKU, mashine inayokula wati 300 kwa saa nne za gemu inamaliza uniti moja na pointi mbili. Akichora inakula chini sana ya hapo. Mzazi na kijana wakae wapange, ni hesabu ya kukaa mezani, haihitaji ugomvi.

Basi Jumamosi ile tuliondoka na Precision 3630, mnara mzito, i5-8500, RAM ya GB 8 kipande kimoja, bila kadi. Tuliipakia kwenye bajaji, kijana kaibeba mapajani kama mgonjwa. RAM ya pili tuliongeza wiki iliyofuata. Kadi, GTX 1650 ya mtumba, akainunua mwenyewe kwa fedha ya nembo mbili alizochora.

Usiku akanipigia. "Shikamoo mjomba. Kadi imekufa." Nikamuuliza gemu inakwendaje, akasema ni kama haipo kabisa, mpira unakwenda kwa kurukaruka. Nikamwambia nenda nyuma ya mashine, niambie waya wa kioo umechomeka wapi. Kimya. Nikasikia kiti kinasogezwa. Alikuwa ameuacha kule juu, kwenye tundu la madabodi, kadi imekaa chini yake haina kazi. "Aisee," akasema, na simu ikakatika bila kwaheri. Kwa hiyo msikilizaji, ukishafunga kadi, waya wa kioo unatoka kwenye kadi. Vijana wengi wanarudisha kadi nzima dukani kwa kosa hilo.

Juzi nilipita kwa dada. Ana genge lake la maandazi na supu pale barazani, na miaka yote kibao chake kilikuwa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa makapeni. Sasa kuna bango la A3 limepigwa laminesheni: sufuria, mvuke, na kanga nyekundu ya mpishi. Mara ya kwanza, mpwa wangu alipochora kwenye kioo cha zamani alichoazimwa, ile kanga ilitoka kwenye mashine ya kuchapa na rangi ya kutu, dada akakataa kuipokea. Hii ya sasa alichora kwenye kioo cha IPS, leya ishirini na tatu. Dada alileta kanga yenyewe kutoka kabatini, akaiweka pembeni ya bango, akaangalia huku na huku. Kisha akanigeukia: "Kaka, na ile sehemu ya kuongezea RAM, bado zipo nafasi?"

Nikamwambia zipo mbili.